Elimu ya Uzazi Imefika Mbali: Na Imfikie Mfanyakazi

Hakuna msiba ufichwao katika nyumba zetu kama msiba wa kukosa mtoto. Mtu akiugua malaria, jirani huja kumjulia hali. Akivunjika mguu kiwandani, wenzake humchangia. Lakini mume na mke wakikaa miaka mitatu, minne, bila kusikia kilio cha kitoto nyumbani mwao, hapana awapaye pole wote wawili. Watu huja kuuliza tu. Na wakiisha kuuliza, hukumu hutolewa upesi, tena hutolewa juu ya mtu mmoja: mke. Yeye ndiye aitwaye tasa, yeye ndiye apelekwaye kwa mganga huyu na yule, yeye ndiye arudishwaye kwao au aletewaye mke mwenzi. Mume huketi barazani akaliwazwa kwa bahati mbaya ya kuoa mke asiyezaa.

Yafaa basi tuseme mapema yale ambayo elimu imekwisha kuyathibitisha. Mwezi wa Aprili 2023 Shirika la Afya la Ulimwengu lilitoa hesabu kwamba kiasi cha mtu mzima 1 katika kila 6 duniani hupatwa na shida ya kupata mtoto wakati fulani katika maisha yake. Katika nchi tajiri hesabu hiyo ni 17.8 kwa mia. Katika nchi za kipato cha chini na cha kati ni 16.5 kwa mia. Tofauti ni ndogo sana. Ugonjwa huu haumjui tajiri wala maskini. Matibabu yake ndiyo yawajuayo, nasi tutalifikia jambo hilo. Na twasema ugonjwa kwa makusudi, maana ndivyo Shirika hilo liuitavyo: ni ugonjwa wa viungo vya uzazi vya mume au vya mke, ujulikanao pale ambapo wawili hao wamekutana miezi 12 au zaidi bila kinga na mimba haikutunga. Tena madaktari wakubaliana kwamba katika karibu nusu ya ndoa zisizopata mtoto, mume ana sehemu yake katika sababu, pengine yeye peke yake, pengine pamoja na mkewe.

Wazee walinena kwamba mficha uchi hazai, nasi twaona kwamba katika jambo hili methali hiyo haihitaji tafsiri. Kipimo cha mume ndicho chepesi kuliko vyote. Hakuna kisu wala sindano. Mume hutoa mbegu zake katika kikombe safi, na mpimaji huzitazama kwa hadubini: ni nyingi au ni chache, zaogelea mbele au zazunguka mahali pamoja, zina umbo lake au zimepotoka. Vipimo vya mke ni virefu: damu yake hupimwa, tumbo lake hupigwa picha, na pengine dawa maalum hupitishwa katika mirija yake ya uzazi huku akipigwa picha ya eksirei, jambo ambalo huuma. Hata hivyo mara nyingi sana mke humaliza vipimo vyote hivyo kabla mume hajakubali kutoa kikombe kimoja. Wengine huita hiyo heshima ya mwanamume. Sisi twaiita woga, na ni woga wa gharama, maana miaka ipoteayo hapo ni miaka ya mayai ya mkewe, nayo hairudi.

Ili msomaji afahamu yatakayofuata, yatupasa kueleza kidogo kazi ya mwili. Msichana huzaliwa na mayai yake yote, yapata milioni 1 hata 2, wala hatengenezi mengine. Afikapo kuvunja ungo yamekwisha kupungua hata laki 3 au 4, na katika hayo ni kiasi cha 400 tu yatakayopevuka, kwa kawaida moja kila mwezi. Mwanamume, kwa upande wake, hutengeneza mbegu kila siku tangu abaleghe hata uzeeni, na kila mbegu huhitaji zaidi ya miezi miwili kukamilika. Yai likitoka katika kifuko chake hudakwa na mrija mwembamba uelekeao tumbo la uzazi, na humo mrijani, wala si katika tumbo lenyewe, ndimo mbegu ikutanapo nalo. Yai huweza kungoja kiasi cha siku moja tu. Mbegu huweza kuishi ndani ya mwili wa mke hata siku 5. Zikiungana, mimba changa hugawanyika ikisafiri polepole, na baada ya siku 5 hivi hufika katika tumbo la uzazi ikajipandikiza. Mrija ukiziba, yai na mbegu huwa kama abiria wawili waliosimama pande mbili za daraja lililovunjika. Kila mmoja ni mzima, lakini hawatakutana kamwe.

Kwa mwanamke ambaye mirija yake yote miwili imeziba, zamani dawa haikuwako. Upasuaji wa kuizibua ulijaribiwa, na mara nyingi haukufaulu. Mtu aliyeuliza kwa nini daraja lisiachwe kando kabisa, yai likatolewa, likakutanishwa na mbegu nje ya mwili, kisha likarudishwa tumboni, alikuwa Mwingereza Robert Edwards. Alizaliwa mwaka 1925 huko Batley katika Yorkshire. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, na mama yake alikuwa mwendesha mashine katika kiwanda cha nguo. Baadaye, alipokuwa mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alikuwa pia diwani wa chama cha Labour. Twalitaja jambo hilo kwa sababu ni la kweli, na kwa sababu wasomaji wa ukurasa huu watapenda kulijua.

Hakuwa mtu wa kwanza kufikiri hivyo. Mwaka 1944 huko Boston, John Rock na msaidizi wake Miriam Menkin walitangaza kwamba wamekutanisha mayai ya wanawake na mbegu katika kioo, na mwaka 1959 M. C. Chang, Mchina aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alikuwa amekwisha kupata watoto wa sungura walio hai kwa njia hiyo. Lakini yai la mwanadamu lilikuwa gumu. Vitabu vilisema kwamba likitolewa nje ya mwili hupevuka kwa saa 12. Edwards aliona kwamba vitabu vimekosea: mwaka 1965 akatangaza kwamba yai la mwanadamu huhitaji saa 36 hivi. Watu wengi walikuwa wamelitupa yai kabla ya wakati wake. Kisha mwanafunzi mmoja, Barry Bavister, akatengeneza maji ya chumvi yaliyofaa mbegu za mnyama mdogo wa jamii ya panya, na maji hayo yakafaa mbegu za mwanadamu pia. Mwezi wa Februari 1969 Edwards, Bavister na daktari Patrick Steptoe wakatangaza katika jarida la Nature kwamba yai la mwanamke limeingiwa na mbegu katika kioo.

Steptoe alikuwa daktari wa wanawake huko Oldham, mji wa viwanda vya pamba katika Lancashire, mkoa ambako marobota ya pamba ya Afrika ya Mashariki yalipata kupelekwa zamani. Yeye alikuwa fundi wa kutazama ndani ya tumbo kwa bomba jembamba lenye taa, likipitishwa katika tundu dogo karibu na kitovu, bila kulipasua tumbo zima. Wakubwa wa udaktari walimdharau kwa hilo; leo hospitali kubwa duniani kote zafanya kama yeye. Kwa bomba hilo aliweza kulifikia yai kifukoni mwake na kulinyonya nje.

Mwaka 1971 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilikataa kuwapa fedha. Katika sababu zake ilikuwamo hii: kwamba shida kubwa ya dunia ni watu kuzaa sana, si watu kukosa kuzaa. Hoja hiyo bado twaisikia, hasa ikielekezwa kwa nchi zetu, na yafaa ijibiwe. Mtu akiwa na watoto wanane hakumpunguzii jirani yake uchungu wa kutokuwa na hata mmoja, kama vile shibe ya huyu isivyomtoa yule njaa. Haki ya kupanga uzazi ni pamoja na haki ya kuzaa. Basi wakaendelea kwa fedha za kuomba, katika hospitali ndogo iitwayo Kershaw's karibu na Oldham, na Edwards akawa hutoka Cambridge kwa gari, safari ya zaidi ya kilomita 250, kila mgonjwa alipokuwa tayari. Aliyefuatana naye ni Bibi Jean Purdy, muuguzi aliyejifunza mwenyewe kazi ya kulea mimba changa katika kisahani cha kioo.

Sasa tufike mahali ambapo magazeti hupita haraka. Kati ya mwaka 1969 na 1978 wanawake 282 walijitoa kwa kazi hiyo ya Oldham. Walilala juu ya meza ya upasuaji, wengine zaidi ya mara moja, wakatolewa mayai, wakarudi makwao mikono mitupu. Katika jitihada yote hiyo zilipatikana mimba 5, na watoto walio hai walikuwa 2. Wanawake 280 hawakupata kitu. Majina yao hayamo katika vitabu, wala hawakuitwa kupokea nishani. Lakini kila kosa lililosahihishwa, kila saa iliyopimwa, kila dawa iliyoonekana haifai ikaachwa, ilijulikana kwa miili yao. Mtu akisema kwamba elimu hii ni mali ya mabingwa wachache, akumbushwe hesabu hiyo ya 282.

Mmoja wa wale wawili waliofanikiwa ni Bibi Lesley Brown wa Bristol. Mumewe John alikuwa dereva wa lori katika shirika la reli, na mwenyewe alipata kufanya kazi ya kufunga jibini kiwandani. Walitafuta mtoto miaka 9. Mirija yake yote miwili ilikuwa imeziba. Tarehe 10 Novemba 1977 Steptoe alitoa yai moja tu, bila kumpa dawa ya kuongeza mayai, na Bibi Purdy ndiye aliyeona kwanza katika hadubini kwamba limegawanyika. Tarehe 25 Julai 1978, kabla ya usiku wa manane, alizaliwa Louise Brown kwa upasuaji, mzima, mwenye uzito wa kilo 2.6. Magazeti yakamwita mtoto wa chupa, jina la upuuzi, maana katika kioo alikaa siku chache tu. Miezi yote iliyobaki alikaa tumboni mwa mama yake kama sisi sote. Mwezi wa Januari 1979 akazaliwa wa pili, mvulana, huko Glasgow.

Edwards alipewa Nishani ya Nobel mwaka 2010. Steptoe alikuwa amekwisha kufa mwaka 1988, na Purdy alikufa mwaka 1985 akiwa na miaka 39 tu. Kibao cha ukumbusho kilipotundikwa katika hospitali ya Oldham, jina lake halikuandikwa, ijapokuwa Edwards aliwaandikia wakubwa akisisitiza kwamba kazi ilikuwa ya watu watatu. Muuguzi akaachwa. Ilipofika mwaka 2015 ndipo kilipowekwa kibao kingine chenye majina yote matatu. Wauguzi wetu wasomao habari hii hawatashangaa sana.

Tangu siku hiyo ya Oldham wamezaliwa kwa njia hiyo watu zaidi ya milioni 10, na wengi wao wamekwisha kuzaa watoto wao wenyewe kwa njia ya kawaida. Mwaka 1984 huko Melbourne alizaliwa mtoto wa kwanza aliyetokana na mimba changa iliyogandishwa katika baridi kali na kuhifadhiwa. Mwaka 1992 huko Brussels, Gianpiero Palermo na wenzake wakatangaza njia ya kuchukua mbegu moja tu ya mume kwa sindano nyembamba kuliko unywele na kuitia ndani ya yai. Hapo mwanamume ambaye mbegu zake ni chache mno, au haziogelei, akapata tumaini ambalo hakuwa nalo tangu dunia iumbwe. Alihitaji tu kukubali kupimwa.

Na tukitaja wanaume, wafanyakazi wasikie habari ya dawa iitwayo DBCP, ya kuua minyoo ya udongoni inayoshambulia mizizi ya mimea. Mwaka 1977 katika mji wa Lathrop, jimbo la California, wanaume wa kiwanda kimoja cha dawa za mashambani walianza kuulizana wenyewe kwa wenyewe kwa nini katika idara yao hapana tena apataye mtoto. Hakuwako daktari aliyeligundua jambo hilo, wala mkaguzi wa serikali. Waligundua wao, kwa kuhesabu watoto wa wenzao. Walipopimwa, wengi walionekana hawana mbegu kabisa au zimepungua mno. Na kumbe majaribio juu ya wanyama, yaliyotangazwa mwaka 1961, yalikuwa yamekwisha kuonyesha kwamba dawa hiyo hukausha korodani! Kwa miaka 16 maarifa yalikaa katika makaratasi huku watu wakiipumua. Serikali ya Marekani iliipiga marufuku karibu kote nchini mwake mwaka 1979. Lakini ilikuwa imekwisha kumwagwa katika mashamba ya ndizi ya Costa Rica na nchi nyingine, na maelfu ya vibarua wa huko wamekwenda mahakamani wakidai kwamba uzazi wao umeharibiwa.

Habari hiyo yamhusu kila mtu anyunyiziaye dawa katika shamba la pamba, la kahawa au la maua. Kiwanda cha mbegu za mwanamume ni kiungo chepesi kudhurika. Ndiyo maana Muumba amekiweka nje ya tumbo, mahali penye baridi kidogo kuliko mwili. Madini ya risasi yatumikayo katika betri, joto kali la tanuri, na baadhi ya sumu za wadudu, vyote vyajulikana kukidhuru. Glavu, barakoa na maji ya kuoga baada ya kazi si anasa ya kuombwa kwa unyenyekevu.

Juu ya mambo mapya kabisa tutasema kwa ufupi, maana mengi yangali katika maabara. Mwezi wa Septemba 2014 huko Sweden mwanamke aliyezaliwa bila tumbo la uzazi alijifungua mtoto baada ya kupandikizwa tumbo la rafiki wa jamaa yake, mama wa miaka 61. Mwezi wa Julai 2025 madaktari wa Newcastle, Uingereza, walitangaza kuzaliwa kwa watoto 8 ambao mama zao walikuwa na ugonjwa wa kurithi katika vile viwanda vidogo vya nguvu vilivyomo ndani ya kila seli ya mwili. Kiini cha mimba changa kilihamishwa katika yai la mwanamke mwingine mzima, jambo lililoruhusiwa na Bunge lao mwaka 2015. Huko Japani, Katsuhiko Hayashi na wenzake mwaka 2016 walitengeneza mayai ya panya kutoka seli za mkia, na mwaka 2023 wakatengeneza mayai kutoka seli za panya dume; katika mimba changa 630 walizozipandikiza walizaliwa panya 7. Mwezi wa Septemba 2025 wataalamu wa Oregon, Marekani, wakatangaza kwamba wametumia seli za ngozi ya mwanadamu kutengeneza mayai 82. Hata hivyo mengi yaliharibika upesi, na hata yaliyoendelea yalikuwa na kasoro katika urithi wake, wala hayakutiwa katika tumbo la mtu. Ni maajabu, hatukatai. Lakini mtu asidanganywe na matangazo akauza shamba lake kwa ajili ya dawa ya panya.

Turudi kwenye mirija iliyoziba, maana huko ndiko liliko jambo letu. Kati ya mwaka 1979 na 1984 Shirika la Afya la Ulimwengu lilipima ndoa zaidi ya 5,800 zisizopata mtoto, katika nchi 25. Matokeo yalitangazwa mwaka 1985 katika jarida la Lancet. Miongoni mwa wanawake wa Afrika waliopimwa, zaidi ya 85 kwa mia walikuwa na hali inayoweza kuwa imeletwa na maambukizo, na kwingineko walikuwa kiasi cha theluthi moja. Maana yake ni nini? Ni kwamba wengi wa watu wetu hawakuzaliwa hivyo. Walizaliwa wazima, wakaugua ugonjwa wa kuambukizwa ambao dawa yake ipo, wasitibiwe au wakatibiwa wakiwa wamechelewa, na kovu likaziba mrija. Magonjwa yenyewe twayajua: kisonono, klamidia, ambayo mara nyingi haimwumi mtu wala kumwonya, uchafu uingiao wakati wa kujifungua au wa mimba kuharibika au kutolewa gizani, kifua kikuu kishukacho hata katika viungo vya uzazi, na kichocho, kwa watu waishio kando ya maziwa na mabwawa.

Historia ya nchi zetu yashuhudia hayo. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 liliko eneo kubwa katikati ya Afrika, tangu Gabon na Kamerun hata kaskazini ya Kongo, ambamo sehemu nyingine zaidi ya mwanamke 1 katika 5 alifikia mwisho wa umri wa kuzaa bila mtoto hata mmoja. Huku kwetu Buhaya, pamoja na Buganda, palikuwa na hofu ya namna hiyo hiyo, hata mwaka 1952 mabibi wawili wataalamu, Audrey Richards na Priscilla Reining, wakafanya uchunguzi wa uzazi katika nchi hizo. Lawama nyingi zilianguka juu ya wanawake, zikanenwa habari za tabia zao. Kumbe ugonjwa ulikuwa ukisafiri katika njia za biashara na za vibarua, mikononi mwa wanaume na wanawake sawasawa. Na baada ya penisilini kufika katika zahanati, uzazi ukaanza kupanda. Tabia hazikubadilika kwa sindano, mirija ilinusurika.

Basi kinga ya kwanza ya uzazi haiko katika maabara ya Japani. Iko katika zahanati ya kijiji. Huko Mwanza, katika miaka ya 1990, lilifanyika jaribio lililosifiwa ulimwenguni: wahudumu wa zahanati za kawaida walifundishwa kutibu magonjwa ya zinaa kwa dalili zake, nao wakapelekewa dawa bila kukatika. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba maambukizo mapya ya Ukimwi katika vijiji hivyo yalikuwa pungufu kwa kiasi cha 40 kwa mia kuliko katika vijiji vilivyolinganishwa navyo. Jaribio lile halikuwa la utasa, lakini magonjwa ni yale yale, na dawa ni zile zile. Na mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa wanawake zaidi ya 29,000 katika nchi 7, zikiwamo Kenya, Zambia na Kongo: aliyepewa gramu 2 za azithromaisini kwa mdomo wakati wa uchungu alipata hatari ndogo zaidi ya sumu ya damu au kifo, 1.6 kwa mia mahali pa 2.4. Hapa pia walihesabiwa wagonjwa na wafu, si mirija. Lakini mkunga ajua kwamba mama anusurikaye na homa ya uzazi hunusurika pia na mengi yafuatayo.

Na yule ambaye mirija yake imekwisha kuziba? Yeye ndiye hasa aliyekusudiwa na kazi ya Oldham, na yeye ndiye asiyeipata. Matibabu hayo yamefika Afrika zamani. Nigeria ilipata mtoto wake wa kwanza wa namna hiyo mwaka 1989 katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Lagos, na Kenya ikafuata mwaka 2006. Lakini kwa kawaida hupatikana katika hospitali za kulipia, mijini, kwa bei ipitayo mishahara ya miezi mingi ya mfanyakazi; tena jaribio moja halitoshi mara nyingi, na mwanamke akiisha kupita miaka 40 bahati hupungua sana. Huko Ufaransa bima ya taifa hulipa majaribio hata 4 kwa mwanamke asiyefika miaka 43, awe mke wa waziri au mfagiaji. Hapo ndipo ugonjwa usiomjua tajiri wala maskini hupata matibabu yawajuayo.

Wapo waliojaribu kuivunja bei hiyo. Mimba changa katika kioo huhitaji hewa yenye kiasi maalum cha kaboni, na mashine za kuitengeneza ni ghali, zataka umeme usiokatika na mitungi ya gesi safi. Daktari Willem Ombelet wa Genk, Ubelgiji, na Mmarekani Jonathan Van Blerkom walichukua mirija miwili ya kioo iliyounganishwa kwa bomba jembamba. Katika mmoja wakachanganya asidi ya ndimu na magadi. Povu likatoka, kama lile ajualo kila mpishi, na gesi ya povu hilo ikapita katika mrija wa pili wenye maji ya kulea mimba. Mashine nzima ikaachwa. Mwaka 2014 walitangaza watoto wa kwanza waliozaliwa kwa njia hiyo, wazima, na matokeo yake hayakupungua yale ya mashine ghali. Sindano, hadubini na fundi bado vyahitajika, na dawa za mayai si rahisi. Lakini sehemu kubwa ya gharama iliyoaminiwa kuwa ya lazima imeonekana si ya lazima.

Mwezi wa Novemba 2025 Shirika la Afya la Ulimwengu lilitoa mwongozo wake wa kwanza juu ya utasa, wenye mapendekezo 40, likizitaka serikali ziingize kinga, vipimo na matibabu yake katika huduma za kawaida za afya. Mwongozo ni karatasi. Chama cha wafanyakazi kiketipo na mwajiri kuzungumza habari za matibabu, na kiulize mambo haya: je, bima yetu yalipa kipimo cha mume na mke wasiopata mtoto, au yaandika kwamba hiyo si maradhi? Je, mwanamke apewa ruhusa ya kwenda kliniki bila kukatwa siku yake? Je, dawa za kisonono na klamidia zimo katika zahanati ya kiwanda leo hii, au mfamasia asema njoo wiki ijayo? Na je, wanyunyiziaji wa dawa wamepewa karatasi iandikayo, kwa Kiswahili, ni nini kilichomo ndani ya pipa?

Kwa mume na mke waliokwisha kungoja mwaka mmoja, au miezi 6 ikiwa mke amepita miaka 35, shauri la madaktari ni kwenda hospitali pamoja, siku moja, na wote wawili waanze kupimwa siku hiyo.